Mwalimu, Imba Kama Mama

Mimi ni besi. Sauti yangu ilianza kuwa nzito nikiwa darasa la saba, na tangu hapo sijawahi kusimama mahali pengine kwenye kwaya ila nyuma kabisa, kwanza begani kwa baba yangu huko Upare, baadaye katika kwaya kuu ya usharika wetu wa Kilutheri huku Kimara, Dar es Salaam. Riziki yangu ni ufundi umeme. Mwaka 2008 mama aliyekuwa akifundisha kwaya ya watoto alimfuata mumewe Dodoma, na mchungaji akaniita ofisini baada ya ibada ya pili. "Ndugu yangu, wale watoto nakukabidhi wewe. Nota unazijua." Ni kweli, nota nilizijua. Nilitoka pale nikiamini kwamba hiyo inatosha.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Walikuja watoto 27, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni kwa sababu mama yuko sokoni. Nikawaimbia mstari mmoja, nikawaambia, haya, rudieni. Kilichorudi hakikuwa wimbo. Watoto wa miaka saba, minane, wamebana videvu shingoni, wanaguruma kama lori linalopanda mlima likiwa limejaa mchanga. Nikaimba tena, polepole, nikiwaonyesha vizuri. Wakaguruma zaidi. Nikadhani wimbo ni mgumu, nikabadilisha. Na ule wa pili wakauguruma.

Hali iliendelea hivyo wiki tatu. Wiki ya tatu binti mmoja wa darasa la nne akanyoosha kidole kama yuko shuleni.

"Mwalimu, imba kama mama."

"Kama mama yupi? Mama yako?"

"Mama yeyote."

Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Usiku, nikiwa nimelala naangalia dari, ndipo nikaelewa alichokuwa ananiambia. Mwanamume akiimba do, ile nota ya kwanza ya ngazi ya muziki, anaiimba oktava nzima, yaani ngazi nzima ya nota nane, chini ya mahali mtoto anapoiimba. Mtu mzima hulifahamu hilo bila kufundishwa. Akimsikia besi anaimba, yeye huimba palepale pake pa juu. Mtoto mdogo hana hesabu hiyo. Anakuiga. Ukimwimbia kutoka shimoni, anateremka shimoni kukufuata. Wale watoto hawakuwa wabaya hata kidogo. Walikuwa watiifu kupita kiasi.

Jumamosi iliyofuata nikajaribu kuimba kwa ile sauti nyembamba ya kichwani, na mafundi wa gereji ya jirani wakasimamisha kazi kuja kuchungulia uani. Sikuweza kuvumilia zaidi ya mstari mmoja. Nikamwita yule binti mbele, nikamfundisha mstari pembeni, akawafundisha wenzake yeye. Mimi nikabaki na kazi ya mkono tu. Sauti zikapanda juu siku ileile, nyepesi, safi, hadi nikaona haya kwa zile wiki tatu.

Kosa la pili lilikuwa ndugu wa lile la kwanza. Nyimbo nyingi tunazozitumia zimeandikwa kwa ajili ya kwaya ya watu wazima. Unakuta juu ya karatasi pameandikwa Doh ni C, yaani do ianzie kwenye C ya kinanda, na sauti ya kwanza inashuka mpaka so ya chini. Mama wa kwaya kuu anaifikia akiwa ameketi. Mtoto wa miaka saba hana kitu huko chini. Ukimlazimisha, atatoa pumzi na kelele. Nikaanza kupandisha, Doh ni E, Doh ni F. Mpiga kinanda wetu akalalamika kwamba F inamchanganya vidole. Nikamwonyesha kwamba kinanda chake kina kitufe cha kupandisha ufunguo, abonyeze mara tano na apige vilevile alivyozoea. Kitufe hicho alikuwa amekaa nacho miaka minne.

Lakini tatizo kubwa, ambalo nililirithi na kulikuza kwa mikono yangu mwenyewe, lilikuwa kelele.

Kanisa letu wakati ule lilikuwa na paa la bati lisilo na dari. Mvua ikinyesha, hata mahubiri yanasimama. Watoto wakiimba, kuna ngoma mbili, kayamba, kinanda, na spika moja kubwa inayokoroma. Katika mazingira hayo neno ambalo kila mtu mzima anamwambia mtoto ni moja: "Imba kwa nguvu! Hujala?" Nililisema mimi, akalisema mwinjilisti, wakalisema wazazi. Nao watoto walipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na baada ya ibada mzee wa kanisa akanishika mkono: "Mwalimu, leo watoto wametikisa!" Niliipenda sana sifa hiyo. Nilirudi nyumbani nayo kila Jumapili kwa karibu mwaka mzima.

Kilichonizindua ni mama mmoja aliyekuja mazoezini na mwanawe amemshika mkono. Mtoto alikuwa hatoi sauti, anapumua tu. "Mwalimu, huyu tangu Jumapili anaongea kama kuku mwenye mafua. Nimempa tangawizi, nimempa asali. Mnawafanya nini huko?" Nikamwambia pole, nikasema ni vumbi. Kisha nikawaomba watoto mmoja mmoja waniambie majina yao. Tisa walikuwa wamekauka sauti.

Siku hiyo nikaweka ngoma chini. Jirani wa kanisa alikuwa anafuga kuku wa kienyeji, nikawaambia watoto tutaimba wimbo wetu uleule, ila kwa namna ambayo kila mmoja atawasikia wale kuku. Asiyewasikia kuku, anaimba kwa nguvu mno. Waliupenda mchezo. Wakaimba huku wametega masikio. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe kwaya ile, nikasikia maneno.

"Yesu ametukomoa."

Nikasimamisha. Nikawaambia rudieni kiitikio. Wakarudia, nyuso zimejaa furaha: Yesu ametukomoa, ametukomoa. Walikuwa wameimba hivyo wiki tano, mara mbili mbele ya kanisa zima, mara moja mbele ya mkuu wa jimbo, na hakuna mtu aliyesikia, nikiwamo mimi niliyeandika "ametukomboa" kwa chaki ubaoni. Nilipowauliza maana yake, mvulana mmoja akajibu bila wasiwasi, "Ni kama ukimfanyia mtu ubaya, halafu yeye anakufanyia mkubwa zaidi." Na kwa nini Yesu atufanyie hivyo? "Kwa sababu ya dhambi zetu." Ukitaka kusema kweli, theolojia yake ilikuwa imepangika.

Tangu hapo sifundishi wimbo kabla ya kuwasimulia watoto maneno yake kama hadithi. Nyimbo zetu za kitabuni zina Kiswahili cha kizamani, maneno ambayo mtoto wa Kimara hayasikii kwa mama wala kwa mwalimu wa shule. Asipoyaelewa hayaachi wazi. Anayajaza kwa lile alilo nalo. Tulikuwa pia na binti anaitwa Neema, na kila neno hilo lilipofika kwaya nzima iligeuka kumwangalia. Hilo nililiacha. Alikuwa anafurahi.

Basi, kelele zilipopungua nikaanza kusikia na mengine. Na hapa sijivuni, maana kusikia kwenyewe hakukunifanya niwe mwalimu mwema. Nilimsikia mtoto mmoja, darasa la tatu, mjukuu wa bibi aliyekuwa anakaa karibu na kituo cha daladala. Alikuwa na sauti moja tu. Wimbo upande, ushuke, uzunguke, yeye yuko palepale chini, ng'ooo, kama feni mbovu. Katika kelele za zamani alipotea. Katika utulivu wetu mpya alionekana kama tone la wino kwenye shati jeupe.

Ilikuwa Septemba 2009, tunajiandaa na Mikaeli na Watoto. Kwa wasio Walutheri nieleze kidogo: ni sikukuu yetu ya mwishoni mwa Septemba, siku ya malaika mkuu Mikaeli, ambayo kwetu imekuwa siku ya watoto. Siku hiyo watoto wanashika ibada. Wanasoma masomo, wanasali, wanapokea sadaka, wanasema mistari ya Biblia kwa ghibu, na kwaya yao ndiyo kwaya ya siku. Ni Krismasi yangu mimi. Wageni walikuwa wanatoka sharika jirani. Ijumaa, kwenye mazoezi ya mwisho, nikamwita yule mtoto pembeni, nikamwekea mkono begani, na kwa sauti ya upole kabisa nikamwambia: Jumapili wewe simama na wenzako, vaa vizuri, fungua mdomo kama wenzako, ila usitoe sauti. Imba kimoyomoyo.

Akaitika, "Sawa mwalimu." Alitabasamu hata.

Jumapili tuliimba vizuri. Baada ya ibada, nje kwenye mnada, watu wakigombea kuku na mayai ya sadaka, bibi yake akanijia taratibu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama watoto hajambo? Na wale wadogo?" Akaniuliza habari zote, hakuharakisha hata moja. Kisha akasema, "Mjukuu wangu anajidai sana. Ananiambia mwalimu amempa kazi."

"Kazi gani, bibi?"

"Ya kufungua mdomo."

Nikanyamaza.

"Nikamwuliza, na wenzako wamepewa kazi gani? Akasema, wenzangu wanaimba."

"Bibi, ilikuwa kwa leo tu. Unajua wageni..."

"Wageni nimewaona, mwanangu. Na somo nalo nimelisikia." Akajitwika chane zake za ndizi alizonunua mnadani, akaondoka.

Somo la siku ile ni Mathayo 18. Ndilo linaloiunganisha sikukuu ya malaika na watoto, kwa sababu humo Yesu anasema tusimdharau hata mmoja wa wadogo hawa, kwa kuwa malaika wao mbinguni wanautazama uso wa Baba sikuzote. Lilikuwa limesomwa saa moja kabla, na binti wa darasa la tano, kwenye kipaza sauti nilichokifunga mimi mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba aje nusu saa kabla ya wenzake, akaja na dada yake. Tukakaa chini ya mwembe, mama anayepika uji yuko hatua kumi kutoka tulipo. Sikujua nifanye nini. Nilikuwa nimezoea kumpa mtoto sauti na kumdai anirudishie, na huyu nilishamdai mwaka mzima. Nikageuza. Nikamwambia, leo wewe ndiye unayetoa sauti. Toa yoyote unayotaka, mimi ndiye nitakayekufuata. Akatoa ile yake, ng'ooo. Nikaitafuta kwenye kinanda, nikaikuta: la, ile iliyo chini ya do ya kati. Nikaimba nayo, sawasawa naye.

Akanyamaza, akaniangalia. Akatoa tena, nami nikawa palepale. Macho yakamtoka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusikia sauti yake na ya mtu mwingine zimekuwa kitu kimoja. Watoto wengine wanaijua hali hiyo tangu wako mgongoni kwa mama zao; yeye hakuwahi kukutana nayo, sasa angejuaje kwamba anaikosa?

Kutoka pale nikapanda nusu hatua tu. Twende hapa. Akatikisika, akafika. Nusu nyingine. Siku ile tulipata sauti tatu. Krismasi ilipofika alikuwa anatoka do hadi fa. Pasaka, do hadi so. Sauti tano si nyingi, lakini nyimbo nyingi za watoto hazihitaji zaidi ya hapo.

Kilichomsaidia kuliko kinanda ni mikono. Nota zetu za sol-fa nilizijua kama herufi kwenye karatasi, d, r, m, kitu cha kwaya kuu na miwani ya kusomea. Baba yangu alinifundisha hivyo. Baadaye mwalimu mmoja wa muziki, kwenye semina ya waalimu wa kwaya, akatueleza kwamba mfumo huo ulienezwa na mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, kuanzia miaka ya 1840, akiujenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa huko Norwich, na kwamba shida iliyomsukuma ilikuwa kupata njia nyepesi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule ya Jumapili. Wamisionari wakatuletea, nasi tukawapa watu wazima. Curwen aliweka na alama za mkono: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, so ni kiganja kinachokutazama, ti ni kidole kinachoelekea juu. Unaanzia kiunoni kwa do, unapanda hadi juu ya kichwa. Mtoto anaona sauti inakwenda wapi. Yule mjukuu, ambaye kwa sikio "juu" na "chini" yalikuwa maneno tu, alipoipandisha ngumi yake akaanza kupanda na sauti.

Ilibaki kumfungulia sauti ya kichwani, maana alikuwa akiongea chini na kuimba chini. Hapa nilipata aibu nyingine ndogo. Nimezoea kuwapasha watoto moto kwa milio: bodaboda inapanda kilima cha Kimara, brrrrr, midomo inatetemeka, inafika juu, inateremka. Wanapenda mno, na inawalegeza midomo na koo bila wao kujua kwamba ni zoezi. Kwa ajili ya sauti ya kichwani nikachagua bundi. Huu, huu. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Jumapili wamama wawili wakanifuata: mwalimu, watoto usiku wanalia kama bundi ndani ya nyumba, kulikoni? Mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani. Nikaomba radhi, nikabadilisha nikaweka njiwa. Sauti ni ileile karibu kabisa, na njiwa yumo kwenye Biblia, hakuna aliyelalamika tena.

Mambo mengine nitayasema kwa haraka, maana kila aliyefundisha watoto anayo yake.

Uji. Mtoto anayekuja saa tisa hajala mchana haimbi, anaegemea. Tulipoanza kupika uji wa sukari na limao, waliokuja walipita 40. Katika baraza la wazee mmoja akasema hawa wanakuja kwa ajili ya uji, si kwa ajili ya Mungu. Nikamjibu kwamba hata sisi kikao hiki kina soda. Kilikuwa kijembe kisicho na adabu kwa mzee, na nikaja kumwomba radhi, lakini uji ulipita.

Sare. Mwaka wangu wa kwanza kamati ilichagua kitambaa kizuri cha zambarau, ikatangaza mchango, na watoto sita wakaacha kuja kimyakimya. Hakuna mtoto atakayekuambia "baba hana hela." Atasema anaumwa tumbo. Siku hizi wanavaa shati jeupe la shule, kila mtoto wa shule ya msingi analo, na shingoni kitambaa cha kanga tunachokikata sisi. Wamama wananung'unika kwamba shati linafuliwa Jumapili jioni likiwa bichi Jumatatu. Nakubali kunung'unikiwa huko.

Giza. Jumamosi moja nilipitisha muda, saa kumi na mbili na nusu ikatukuta, na watoto wanne walikuwa na barabara ya Morogoro ya kuvuka. Mama mmoja alikuja na kanga kiunoni na sitarudia aliyoyasema. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo tunafunga saa kumi na moja, wimbo uwe umekamilika au umebaki nusu, na hakuna mtoto anayebaki na mtu mzima mmoja peke yake, nami nikiwamo.

Na nafasi ya watoto kwenye ibada. Hili bado linaniuma. Mtoto ameamshwa saa kumi na mbili, amekaa kwenye benchi saa mbili na nusu na viatu vinavyombana, anasubiri wimbo wa dakika tatu, halafu mwongoza ibada anaangalia saa: "Kwaya ya watoto tutawasikia Jumapili ijayo." Kwaya kuu haiambiwi hivyo. Nimeyaona machozi ya kimya kwenye mstari wa mbele mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilipigania hilo miaka miwili, sasa wanaimba mara baada ya somo la kwanza, kisha wanatoka kwenda shule ya Jumapili wakiwa wameshatoa chao.

Shindano la jimbo la 2011 pia nilitaje, kwa kuwa nililazimisha. Nikawapa watoto wimbo wa sauti nne wa kwaya kuu, wavulana wa kipaimara wakiwa tenor na besi, nikitaka usharika uone kazi yangu. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Kwenye karatasi ya jaji pameandikwa: watoto hawasikiki kuwa watoto. Tangu hapo tunaimba sauti moja, au tunafukuzana, kundi moja linaanza na jingine linafuata na wimbo uleule, na ukiwa mdogo huo ni uchawi mtupu.

Wakubwa wao huwa siwategemei kuanzia Agosti. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, siku chache kabla ya Mikaeli, na tuisheni inameza kila Jumamosi. Zamani nilikasirika. Sasa wimbo wa Mikaeli naujenga juu ya watoto wa darasa la pili hadi la tano, na wale wa la saba wakija baada ya mtihani wanakuta kiti chao kipo.

Yule mjukuu alimaliza la saba 2013. Hakuwahi kuwa mwimbaji wa kupewa ubeti peke yake. Aliimba katikati ya wenzake, sauti tano, baadaye sita, akikosea mara mojamoja na kujirekebisha kwa ngumi aliyoificha pembeni ya paja. Akaanza kidato cha kwanza, akaacha kuja, kama wanavyoacha wote umri ule.

Juni 2014 bibi yake akafariki. Jioni ya kabla ya kumsafirisha nilikuwa nimekaa na wanaume nje, chini ya turubai, akaja. Alikuwa amerefuka kunipita bega.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Bibi alisema watoto waje waimbe. Si kwaya kuu. Watoto."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo asubuhi walikuja wengi, mashati meupe na vitambaa vya kanga. Kinanda hatukuchukua. Nikawapanga mbele ya jeneza, wafupi mbele, nikatafuta do. Nilipoinua mkono nikamwona ametoka kwenye viti vya wafiwa, amekuja kusimama mstari wa nyuma, kijana wa miaka 14 kati ya watoto wanaomfika kifuani.

Ubeti wa kwanza alikwenda nao. Wa pili sauti ikamsaliti; ilikuwa imeshaanza kuwa nzito na yeye hakujua, au alijua akajaribu tu. Ikakwaruza, ikakatika, akanyamaza mstari mzima akiwa amefungua mdomo. Kisha ikarudi, chini kabisa, oktava nzima chini ya wenzake, kule ninakokaa mimi. Nikaendelea kuwapigia watoto mkono, na nikaanza kuimba naye.